Hesabu na uandishi kwa mtoto wa miaka 11 hadi 14 anayesomea nyumbani: mwongozo kamili

Umri wa miaka 11 mpaka 14 ndo unawachanganya wazazi wengi wanaofundisha nyumbani. Huko nyuma mambo yalikuwa mepesi, mtoto anajifunza kusoma, kujumlisha, kutoa, unamwona kabisa anasonga, halafu ghafla zinaingia sehemu zenye asili tofauti, namba hasi, herufi x katikati ya hesabu, na huku pembeni anatakiwa aandike insha yenye hoja wakati yeye alishazoea "siku moja nilienda". Historia au jiografia ukiruka mada moja unaweza kuirudia mwakani na hakuna kilichoharibika. Hesabu na uandishi haviko hivyo. Pengo la leo linakaa chini ya kila kitu kinachofuata, na ubaya wake linajificha, maana mtoto anaweza kupata majibu sahihi kwa kukariri njia tu, na anaweza kujaza ukurasa mzima asiseme kitu.

Kwa hiyo humu ndani kila kitu kinarudi hapo hapo: fundisha kwa kufuata jinsi mtoto anavyofikiri, umri wake na darasa lililoandikwa kwenye jalada la kitabu viache vikae pembeni. Na utajua anavyofikiri kwa kumsikiliza akieleza na kusoma anachoandika. Hii ni sawa tu uwe unafundisha mwenyewe, umetafuta mwalimu wa tuisheni, au umemwandikisha darasa la mtandaoni.

Jambo moja la haraka kabla hatujaanza, sheria. Kusomea nyumbani kuna nchi hakuruhusiwi kwa kawaida, mfano Ujerumani, na kuna nchi kama Marekani ambako kunaruhusiwa majimbo yote 50 ila kila jimbo na masharti yake, huku wanataka taarifa tu, kule wanataka mitihani au kumbukumbu za kazi za mtoto. Ulizia mamlaka ya elimu ya unapoishi mapema, pata jibu la maandishi, lihifadhi, twende kazi.

Hatua ya kwanza: mpime kabla hujanunua kitabu chochote

Usianze na kitabu, anza na karatasi tupu na maswali machache. Usiyaite mtihani, mwambie unataka kujua muanzie wapi. Kila swali ajibu halafu akueleze kwa mdomo amefikaje. We kaa kimya, andika tu anachosema, hata akikosea usimrekebishe siku hiyo (najua inauma, vumilia).

Upande wa hesabu haya yanatosha kukuonyesha mengi:

- Ipi kubwa, 0.35 au 0.4?
- 1/2 + 1/3 ni ngapi?
- 8 + 4 = ☐ + 5, kwenye kisanduku iingie namba gani?
- 10 − 4 + 3 ni ngapi? Na 4 − (−2)?
- 15% ya 240 ni ngapi?
- Mstatili wa sentimita 6 kwa 4, mzingo wake ngapi na eneo lake ngapi?
- 3x + 5 = 20, x ni ngapi?

Majibu sahihi ni 0.4, 5/6, 7, 9, 6, 36, sentimita 20 na sentimita za mraba 24, halafu 5. Ila angalia zaidi majibu ya makosa, huko ndo kuna habari zote. Akisema 0.35 ni kubwa maana yake anasoma desimali kama namba nzima, anaona 35 imeizidi 4, kwa hiyo thamani ya nafasi haijakaa. Akiandika 2/5 kwenye sehemu, anajumlisha kiasi na kiasi, asili na asili, yaani kwake sehemu ni namba mbili zilizobebana na bado hajaiona kama namba moja. Kwenye kisanduku wengi wanaandika 12, na wengine 17. Hapo tatizo ni alama ya =, kwa huyo mtoto ile alama inamaanisha "sasa andika jibu" wakati kazi yake ni kusema upande huu na ule ni sawa. Robert Recorde aliyeianzisha mwaka 1557 alichora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa sababu, alivyoeleza mwenyewe, hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa zaidi ya hivyo. Mtoto ambaye hajaelewa hili usimpeleke kwenye milinganyo, atakuwa anahamisha herufi kama mchawi asijue kwa nini.

Hilo la 10 − 4 + 3 nalo ni mtego mzuri. Tumefundishwa MAGAZIJUTO, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, na mtoto aliyeikariri vizuri anaanza na 4 + 3 anapata 7, anatoa kwenye 10, anakuja na 3 kifua mbele. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unaenda kutoka kushoto kwenda kulia, na kugawanya na kuzidisha ni hivyo hivyo. MAGAZIJUTO ibaki, inasaidia, ila mwambie wazi GAZI ni kundi moja na JUTO ni kundi moja.

Upande wa uandishi mpe dakika 20 na swali moja lenye ubishi, mfano "mtoto wa umri wako apewe simu yake mwenyewe au asipewe?" Akimaliza soma mara tatu. Mara ya kwanza angalia kama kuna hoja na sababu. Mara ya pili angalia kama sentensi zinaanza na kuisha, au ni treni moja ya "na, na, halafu, na". Mara ya mwisho ndo uangalie tahajia na upatanisho: "vitabu zangu", "mti ambayo", "apo" badala ya hapo, "ni na enda" iliyokatwa vipande, "xaxa" za kwenye meseji. Wazazi wengi wanaanza na hii ya mwisho na wanaishia hapo hapo na kalamu nyekundu, na mtoto anajifunza kwamba kuandika ni kukwepa makosa, kwa hiyo anaandika sentensi fupi za usalama maisha yake yote.

Hatua ya pili: amua nani anafundisha nini

Hakuna sheria kwamba masomo yote mawili yafundishwe na mtu mmoja. Mi naona mgawanyo unaofanya kazi kwa familia nyingi ni hesabu kupata msaada wa nje na uandishi kubaki nyumbani, ila kama we hesabu unaziweza na kuandika hupendi, geuza.

Darasa la mtandaoni lipo la aina mbili. La moja kwa moja, mwalimu yupo na watoto wengine wapo, na lile la video zilizorekodiwa ambapo mtoto anajiendea mwenyewe. Kwa hesabu video zilizorekodiwa zinafaa sana kwa sababu anaweza kusimamisha na kurudia bila aibu, na zipo za bure, Khan Academy kwa mfano ina video na mazoezi bila malipo. Kwa uandishi video peke yake hazitoshi kabisa. Kuandika kunahitaji mtu wa kusoma na kujibu, kwa hiyo kama unalipia darasa la uandishi uliza hivi: nani anasoma kazi ya mtoto, anarudisha maoni baada ya siku ngapi, na mtoto anapewa nafasi ya kuandika upya kazi ile ile? Wakikwambia kazi inasahihishwa na programu na mtoto anapata alama papo hapo, hapo umenunua zoezi la tahajia tu.

Mwalimu wa tuisheni wa hesabu mjaribu kwa swali moja. Mwambie "mtoto wangu ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5, ungefanyaje?" Akianza kukueleza KDS (kigawe kidogo cha shirika) na hatua zake moja kwa moja, ni mwalimu wa kawaida. Akisema kwanza angemuuliza mtoto kama 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko 1/2, huyo mshike, maana 2/5 ni ndogo kuliko nusu na mtoto mwenyewe ataona haiwezekani uanze na nusu, uongeze kitu, halafu upungue.

Hatua ya tatu: ratiba

Kila siku kidogo inashinda Jumamosi nzima. Dakika 45 mpaka saa moja za hesabu, dakika 30 mpaka 40 za uandishi, siku nne au tano kwa wiki, inatosha kabisa kwa umri huu. Hesabu iwekwe wakati kichwa bado kibichi, kwa wengi ni asubuhi, ila vijana wa miaka 13 na 14 wengine asubuhi hawapo kabisa hata ukiwamwagia maji, so usilazimishe saa mbili kama saa nne anafanya vizuri zaidi, hiyo si ndo faida ya kusomea nyumbani.

Hatua ya nne: somo la hesabu linavyokwenda

Gawanya hivi. Dakika 10 za mwanzo ni marudio, maswali matano au sita ya mada za zamani, ya jana, ya wiki iliyopita, ya mwezi uliopita. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alijipima mwenyewe na mwaka 1885 akachapisha jinsi tunavyosahau haraka sana siku za mwanzo, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashikilia vizuri kuliko kurudia kwa mkupuo. Kwa hiyo usimalize sehemu mwezi wa pili ukazizika huko.

Halafu dakika 15 za kitu kipya, kimoja tu. Halafu 15 mpaka 20 za kufanya mwenyewe, maswali nane yaliyofikiriwa ni bora kuliko arobaini ya kunakili. Mwisho anakueleza swali moja alilofanya kana kwamba we hujui.

Mpangilio wa mada ninaoupendekeza, ukianzia pale pengo lilipo: thamani ya nafasi na desimali, vigawe na vigawo, sehemu kwa matendo yote manne (kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya), uwiano, asilimia, namba hasi, mpangilio wa matendo, kisha herufi na milinganyo rahisi, halafu grafu, mzingo na eneo na ujazo, pembe, kanuni ya Pythagoras ya pembetatu mraba, na takwimu za wastani na median (namba ya katikati) na modi (inayojirudia zaidi). Jiometria na takwimu unaweza kuzichomeka katikati mtoto akichoka na namba, hazitaharibu kitu. Lakini sehemu kabla ya uwiano, na namba hasi kabla ya milinganyo, hapo usiruke.

Kaa sana kwenye sehemu. Ukiniuliza wiki mbili au miezi miwili nitakwambia muda wowote unaohitajika, kwa sababu mtoto anayekwama kwenye aljebra mara nyingi amekwama kwenye sehemu na hajijui. Kugawanya sehemu kwa mfano, karibu kila mtu anajua "geuza ya pili uzidishe" na karibu hakuna anayejua kwa nini. Chukua 3/4 ÷ 1/8. Swali ni: vipande vya moja ya nane vinaingia mara ngapi kwenye robo tatu? Chora mstari, ukate robo nne, kila robo uikate vipande viwili, sasa una vipande nane, hesabu vilivyomo kwenye robo tatu, ni 6. Baada ya hapo fanya kwa kanuni, 3/4 × 8/1 = 24/4 = 6. Akiona vimekutana hatasahau kirahisi.

Asilimia ina swali moja ambalo lazima alipate: kitu cha 100 kikiongezeka kwa 20% halafu kikapungua kwa 20%, kinarudi 100? Muache abishe kwanza. Kinaenda 120, halafu 20% ya 120 ni 24, kinabaki 96. Akielewa kwamba asilimia inauliza kila mara "ya nini?", umemaliza nusu ya mada.

Uwiano mpe kazi za kweli, ramani ya 1:50,000, sentimita 4 kwenye karatasi ni umbali gani ardhini? Ni sentimita 200,000, yaani kilometa 2. Au rangi nyeupe na bluu zinachanganywa 3:2 na unataka lita 20, nyeupe lita 12, bluu 8. Kosa la hapa ni mtoto kugawanya 20 kwa 3 na 20 kwa 2, muulize jumla ya mafungu ni mangapi kisha nyamaza.

Kwa maswali ya maneno, ambayo ndo yanaliza watoto, kuna hatua 4 alizozipanga George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, mwaka 1945: elewa swali, panga njia, tekeleza, rudi uangalie. Zinaonekana za kawaida lakini watoto wengi wanaruka ya kwanza na ya mwisho. Ya kwanza ifanye iwe lazima kwa kumwambia asimulie swali kwa maneno yake bila kutaja namba hata moja. Akishindwa kulisimulia, hajalielewa, na kalamu isiguse karatasi. Ya mwisho ni swali moja tu, "jibu hili linawezekana?"

Kitu kingine kidogo ila kinaharibu wengi, hii tabia ya kuandika 5 + 3 = 8 × 2 = 16. Jibu la mwisho ni lile alilotaka lakini mstari wenyewe ni uongo, kwa sababu 5 + 3 sio 16. Mfundishe kila hatua mstari wake, alama za = zipangwe wima. Kwenye milinganyo hii inamuokoa sana.

Vikokotoo? Viwepo, baada ya kukadiria. Kwanza aseme "itakuwa kama 400 hivi", halafu abonyeze.

Hatua ya tano: uandishi

Hapa watu wanataka insha ya kurasa mbili mapema sana. Anza na sentensi, halafu aya, halafu aya mbili. Mtoto anayeweza aya moja nzuri insha haitamsumbua.

Aya nzuri kwa umri huu ina wazo moja, sababu, na mfano unaoonekana. Chukua sentensi ya kawaida kabisa ya mtoto: "Simu ni mbaya kwa watoto kwa sababu ni mbaya na inaharibu watoto." Usiandike juu yake "fafanua zaidi", hajui maana yake. Muulize kwa mdomo: inaharibu nini? saa ngapi? umemwona nani? Atakwambia kitu kama mdogo wake anachelewa kulala. Kwa nini anachelewa? Kwa sababu video ikiisha nyingine inaanza yenyewe. Haya andika hilo hilo ulilosema: "Simu inamchelewesha mtoto kulala kwa sababu video moja ikiisha nyingine inaanza yenyewe, kwa hiyo hakuna mahali pa kusimama." Mawazo alikuwa nayo, yalikuwa mdomoni. Kwa mtoto ambaye mkono ni mzito mruhusu ajirekodi kwanza akiongea halafu aandike akijisikiliza.

Njia nyingine ambayo mi naipenda kuliko zote, na haihitaji mwalimu, ni ya Benjamin Franklin, mwandishi na mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 18. Huyu shule aliacha akiwa na miaka 10, baadaye akawa anafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji cha kaka yake, na alijifundisha kuandika hivi: anachukua makala nzuri, anaandika dondoo fupi za kila sentensi, anaiweka pembeni siku chache, halafu anajaribu kuiandika upya kwa maneno yake kutoka kwenye zile dondoo, mwisho analinganisha na ya asili na kurekebisha pale alipozidiwa. Wakati mwingine alizichanganya dondoo makusudi ili baadaye azipange mwenyewe, ajifunze mpangilio. Fanya hivi mara moja kwa wiki na aya moja ya makala yoyote iliyoandikwa vizuri, aya moja tu inatosha.

Wiki yenyewe inaweza kwenda hivi: siku ya kwanza kuongea kuhusu mada na kuandika dondoo, ya pili rasimu bila kusimama na bila kujali makosa, ya tatu zoezi la Franklin ili rasimu ipumzike, ya nne kurekebisha mawazo, kuhamisha sentensi, kufuta, na ya tano ndo tahajia na alama. Kurekebisha mawazo na kurekebisha tahajia visifanyike siku moja, kwa sababu mtoto atachagua tahajia kila mara, ni rahisi.

Kwenye maoni yako chagua vitu viwili basi. Kimoja alichofanya vizuri, kitaje kwa jina, "hapa uliposema hakuna mahali pa kusimama nimeona picha", usiseme "kazi nzuri" ya jumla. Na kimoja cha kurekebisha. Makosa mengine yaandike kwenye daftari lako, utayafundisha kama somo dogo wiki ijayo, mfano ukiona "mti ambayo, mlango ambayo, mkono ambayo", hiyo tayari ni somo la ngeli la dakika 10. Na msomee kazi yake kwa sauti, au asome mwenyewe kwa sauti akiwa amesimama, sentensi zisizo na kituo atazisikia pumzi ikimwishia.

Aina za kuandika zungusha: masimulizi, maelezo ya jinsi ya kufanya kitu, muhtasari, barua rasmi, hoja. Muhtasari usiupuuze, kufupisha ukurasa kuwa sentensi tatu kunaonyesha kama ameelewa alichosoma kuliko maswali kumi.

Na programu za akili bandia zinazoandika insha nzima kwa sekunde, hizo zipo na mtoto anazijua kuliko wewe. Kukataza tu hakusaidii sana. Rasimu ya kwanza iwe ya mkono, mezani, na ukiona kazi imekuja laini kupita kiasi muulize "sentensi hii ulimaanisha nini?" Asipoweza kueleza, sio yake, inarudi.

Hatua ya sita: unganisha hayo mawili

Mara moja kwa wiki mtoto aandike aya inayoeleza hesabu. "Mweleze mtoto wa miaka 9 kwa nini 1/2 + 1/3 haiwezi kuwa 2/5." Hapo anafanya masomo yote mawili kwa pamoja, kama hajaelewa hawezi kuandika, na kama hawezi kupanga sentensi hawezi kueleza, kwa hiyo utaona pengo liko wapi bila mtihani wowote.

Sambamba na hiyo awe na daftari la makosa. Kila swali la hesabu alilokosa analiandika, anaandika nilifikiri nini, na sahihi ni nini kwa sababu gani. Asiandike "nilikosea kwa haraka", hiyo sio sababu, aandike "nilijumlisha kabla ya kutoa kwa sababu nilifuata JUTO". Kila Ijumaa anafanya tena maswali matatu kutoka humo. Akilipata sahihi mara tatu kwa wiki tofauti, linafutwa kwa mstari.

Ukikwama

Hesabu usiyoijua usijifanye unaijua. Kaeni wote mtazame video, halafu yeye akufundishe, hakuna ubaya wowote na mara nyingi ndo anaelewa zaidi. Akilia au akifunga daftari, simamisha, rudi hatua moja nyuma kwenye swali analoliweza, amalize hilo, mfunge siku. Mkikwama kwenye mada ile ile wiki mbili mfululizo, shida haiko kwenye mada hiyo, iko chini yake, rudi kwenye maswali ya hatua ya kwanza.

Kila baada ya miezi mitatu mrudishie yale maswali ya mwanzo ukibadilisha namba, na mada nyingine ya ubishi ya dakika 20. Weka karatasi za zamani na mpya kwenye faili moja zenye tarehe, ndo utakazohitaji pia kama mamlaka yenu inataka kumbukumbu au kama anarudi shule ya kawaida. Akiwa anaweza kutatua 5x − 7 = 2x + 8 na kukueleza kwa nini kila hatua inaruhusiwa (x ni 5), na anaweza kuandika aya nne zenye hoja moja bila wewe kukaa pembeni yake, mpeleke kwenye aljebra na insha za sekondari hata kama ana miaka 12, na kama ana miaka 14 na bado, endeleeni pale pale mlipo.